Rwenzori: Ngome ya Wenyeji na Shauku ya Wageni

Sisi tukaao Bukura, kati ya Kakamega na Butere, hatukunyimwa mlima wa kutazama, kwa maana mtu akishika njia ya kaskazini alfajiri ya kiangazi, kabla mawingu hayajapata kukusanyika, huuona mlima Elgon umelala penye mpaka wa Uganda, mpana na mpole, nao Wabukusu na Wamasaba wameuheshimu tangu zama za mababu. Lakini mbali sana nyuma ya Elgon, upande wa machweo, ng'ambo ya Buganda na Toro, mahali ambapo Uganda hukoma na Kongo huanza, pana safu nyingine isiyokuwa na upole wowote, nayo ni Rwenzori. Haionekani kutoka kwetu hata siku moja, na juu ya hayo khabari zake zimepita katika njia zetu mara nyingi kuliko tudhanivyo: misafara iliyopanda kutoka pwani kwenda Uganda ilipumzika Mumias kwa Nabongo Mumia, reli iliyokuja baadaye ilikoma Kisumu, na dhahabu ya Kakamega, kama tutakavyoona, ilimvuta mmoja katika wapandaji mashuhuri wa safu hiyo.

Nimekusudia kusimulia tarikhi ya kupandwa kwa milima hiyo, na ndani yake kudhihirisha jambo ambalo waandishi wa safari aghalabu hulipitia mbio. Ukali wa majabali, matope na mawingu, ambao kwa mgeni ulikuwa kivutio na mtihani, kwa mwenyeji ulikuwa ngome na kinga. Na hawa wawili, ambao kila mmoja aliutumia ukali huo kwa haja yake, walikutanishwa na kazi moja tu, nayo ni kazi ya upagazi.

Yafaa kwanza msomaji ajue umbo la mahali penyewe. Kilimanjaro, mlima Kenya na Elgon ni milima ya volkano, iliyorundikwa na moto uliotoka tumboni mwa ardhi; Rwenzori haikuzaliwa hivyo, bali ni pande kubwa la miamba mikongwe lililoinuliwa juu wakati ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa la magharibi. Safu hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 120 na upana wa kilomita zipatazo 50, nayo imesimama kaskazini ya Ikweta kwa hatua chache tu, ikiwa na milima mikubwa sita iliyotenganishwa na mabonde marefu yenye kingo kali: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele cha juu kuliko vyote, Margherita, kimo katika mlima Stanley, na kimo chake cha mita 5,109 hukifanya kuwa cha tatu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Mpaka wa Uganda na Kongo hupita juu yake, hata mpandaji akifika kileleni huweza kusimama katika dola mbili kwa wakati mmoja.

Mtu wa Kakamega, ambaye amezoea kuona mvua ikija alasiri kama iliyopewa ahadi, ataelewa upesi kuliko mtu wa nyika kwa nini milima hii ilifichika kwa muda mrefu. Mawingu yatokayo katika misitu ya Kongo huigonga safu hii na kukaa hapo, hata katika mwaka mzima siku ambazo vilele huonekana wazi ni chache, na wenye busara huchagua Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti, na hata miezi hiyo hunyesha. Maji hayo hulisha msitu mnene chini, na juu yake mianzi, na juu ya mianzi miti iliyopinda yenye ndevu ndefu za kuvumwani na miguu iliyozikwa katika kuvu na majani yaliyooza. Kisha huja mabonde ya vinamasi, ambamo lobelia na senesio, mimea ambayo kwetu hukua kadiri ya goti, husimama mirefu kupita kimo cha mtu. Wapandaji karibu wote walioandika juu ya Rwenzori wameafikiana kwamba adui wao mkubwa hakuwa mwamba wala barafu, bali tope.

Khabari za milima ya theluji katika moyo wa Afrika ni kongwe kuliko safari yoyote ya kuipanda. Mwanajiografia Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya pili ya Miladi, aliandika kwamba mto Nili hupata maji yake katika maziwa yanayojazwa na theluji ya Milima ya Mwezi, naye alizipokea khabari za maziwa hayo kwa njia ya baharia mmoja aitwaye Diogenes, aliyesukumwa na upepo katika pwani ya Azania, karibu na bandari ya Rhapta, ambayo ni pwani yetu hii ya Waswahili. Wanajiografia wa Kiarabu wakairithi ilimu hiyo na kuihifadhi, na al-Idrisi, katika ramani aliyomtengenezea mfalme Roger wa Sicily mwaka wa 1154, aliichora Jabal al-Qamar penye chimbuko la Nili. Wanazuoni wana ikhtilafu hadi leo: wako wasemao kwamba milima iliyokusudiwa ni Rwenzori, na wako wasemao kwamba ni Kilimanjaro au Kenya, iliyo karibu zaidi na bahari. Vyovyote iwavyo, jina la Milima ya Mwezi lilifungamana na Rwenzori, na tamaa ya kuthibitisha neno la Ptolemy ikawa sehemu kubwa ya kilichowavuta Wazungu kwenda kuitafuta.

Wafanyabiashara wa pwani waliikaribia kabla yao. Mwaka wa 1844 Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwisha kufika Buganda kwa Kabaka Suna, na biashara ya chumvi ya Katwe, ziwa dogo la maji ya chumvi lililo kusini ya safu, ilikuwa ikizungusha watu, mitumbwi na majembe baina ya Toro, Ankole na nchi za magharibi tangu zamani, hata wafalme walipigana vita ili waimiliki. Kwa wafanyabiashara hao mlima ulikuwa kizuizi cha kuzungukwa, wala hapakuwa na faida yoyote ya kuupanda.

Henry Morton Stanley alifika karibu na milima hiyo Januari 1876, akiwa pamoja na jeshi la Waganda, akapiga kambi juu ya ghuba ya ziwa ambalo leo huitwa George. Alisimuliwa habari za mlima uitwao Gambaragara, ambao kileleni una weupe na baridi, lakini yeye mwenyewe hakuiona theluji, kwa kuwa mawingu hayakumfunulia. Ilimlazimu kungoja miaka kumi na miwili. Mwaka wa 1887 alichukua Unguja watu zaidi ya mia sita wa kumtumikia katika msafara wa kumwokoa liwali Emin Pasha, akazunguka nao kwa bahari hadi mlango wa mto Kongo, akakatiza nao msitu wa Ituri, ambamo wengi walikufa kwa njaa, homa na mishale. Aprili 1888 wawili katika maofisa wake, Parke na Jephson, waliiona theluji, na tarehe 24 Mei mwaka huo huo akaiona yeye, baada ya kijana mtumishi wake kumwonyesha mlima ambao, kwa maneno ya kijana huyo, ulikuwa umefunikwa na chumvi. Msomaji asimcheke kijana: katika nchi ambayo chini yake kuna Katwe, na watu huenda mwendo wa siku nyingi kwa ajili ya chumvi, hilo lilikuwa wazo la mwenye akili timamu, na ni yeye aliyetangulia kutazama.

Jaribio la kwanza la kupanda, miongoni mwa yale yaliyoandikwa, lilifuata mwaka uliokuja. Msafara ulipokuwa ukirudi kuelekea pwani, ukipita chini ya miteremko ya magharibi, Luteni William Grant Stairs aliondoka tarehe 6 Juni 1889 pamoja na Wangwana wapatao arobaini wa Unguja, Emin Pasha akiwasindikiza mwanzoni. Walipita katika mashamba ya wenyeji, wakaingia katika mianzi na magugu yaliyolowa, wakalala katika baridi ambayo shuka za pwani hazikuumbiwa kuizuia, na siku ya pili wakafika futi 10,677, yaani mita 3,254, ambapo waliona kwamba mbele yao bado kuna makorongo makubwa matupu ya njia, na chakula hakitoshi, wakageuka. Stairs aliandika taarifa yake, na Stanley akaichapa katika kitabu chake, jina la Stairs likaingia katika kila tarikhi ya mlima huo. Wale waliokwea pamoja naye, kwa miguu yao, wengi pasi na viatu, wameingia katika tarikhi hiyo kwa hesabu tu. Nao ndio waliokuwa wazungumzaji wa kwanza wa Kiswahili kujulikana kuipanda Rwenzori, na baadhi yao walifika juu kadiri ile ile aliyofika Luteni.

Baada ya Stairs wakaja wengine, wakizidi kusogea juu kidogo kidogo. Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyefuatana na Emin, alipanda upande wa Kongo mwaka wa 1891 hadi kupita mita 4,000. Scott Elliot, mtaalamu wa mimea, alizunguka mabonde kadhaa mnamo 1895. Na mwaka wa 1900 Moore, na baada yake Sir Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe wa serikali ya Uingereza katika Uganda, walifuata bonde la mto Mobuku hadi wakaikanyaga barafu. Wakati huo njia ya kufika chini ya mlima ilikuwa imebadilika kabisa, kwa kuwa reli kutoka Mombasa iliufikia mwambao wa ziwa mwaka wa 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu, na meli ikamchukua msafiri hadi Entebbe. Safari ya miezi mitatu na zaidi kwa miguu ikawa ya siku chache, na misafara iliyokuwa ikilala Mumias ikapungua hadi ikakoma. Na mlima ambao ulikuwa mwisho wa dunia ukawa jambo la kupangwa na mtu akiwa kwao Ulaya.

Mtu wa kuutumia wepesi huo kwa ukamilifu alikuwa Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, wa ukoo wa wafalme wa Italia, ambaye mwaka wa 1897 alikuwa ameupanda mlima Saint Elias katika Alaska. Wapandaji wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuvimaliza vilele vya kwao, na fahari ya kuwa wa kwanza ikawa haipatikani ila ng'ambo za mbali. Freshfield na Mumm wa Uingereza walijaribu Rwenzori mwaka wa 1905 wakashindwa na mvua, na Wollaston na Woosnam, waliokuja kukusanya ndege na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya London, walivifikia baadhi ya vilele mwanzoni mwa 1906. Mtawala alishuka Mombasa mwezi Mei mwaka huo, akapita kwa reli hadi ziwani, akavuka Entebbe, na kutoka hapo akaenda kwa miguu hadi Fort Portal akifuatwa na Waganda wapagazi mamia kadhaa. Waganda hao walipofika penye bonde la Mobuku, ambako baridi na mteremko havikuwa vya watu wa nchi ya migomba ya tambarare, mizigo ikashikwa na Wakonzo, wenyeji wa mlima, nao wakaifikisha Bujongolo, pango lililo chini ya jabali, mita zipatazo 3,800 juu ya bahari, ambalo Mtawala alilifanya makao yake makuu.

Kutoka pango hilo kazi ilikwenda kwa haraka ya ajabu. Tarehe 18 Juni 1906 Mtawala na viongozi wake wa Courmayeur, Petigax, Ollier na Brocherel, walisimama juu ya vilele viwili vya juu kuliko vyote, akavipa majina ya malkia wawili, Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza. Na kabla ya kuondoka, yeye na wenziwe walikuwa wameviparamia vilele kumi na sita, wamepima vimo, wamechora ramani, na Vittorio Sella amepiga picha ambazo hata leo hutumiwa na wataalamu kulinganisha barafu ya wakati ule na ya sasa. Milima yote sita ikapata majina ya wageni, wasafiri na wafalme, na njia za kupita kati yake zikaitwa kwa Freshfield, Scott Elliot, Stuhlmann. Kitabu cha safari hiyo kiliandikwa na Filippo De Filippi, ambaye mwenyewe hakuwamo safarini. Basi mtu asiyeuona mlima alipata nafasi katika tarikhi yake kubwa kuliko mamia walioubebea mizigo.

Sisemi haya ili kuwavunjia heshima wapandaji wale, kwa kuwa ushujaa wao ni wa kweli na maarifa waliyoyaacha yamefaa. Nasema ili tuulize Wakonzo walikuwa wakifanya nini katika mlima huo kabla haujagunduliwa. Jibu ni kwamba walikuwa wakiutumia. Walilima miteremko yake ya chini kwa ustadi, katika mashamba yaliyoinama kiasi cha kumtia kizunguzungu mtu wa tambarare. Walipanda hadi kwenye mabonde ya juu kuwinda pimbi kwa ajili ya nyama na ngozi, wakalala katika mapango kama Bujongolo, na vijia vyao vya mawindo ndivyo vilivyokuwa njia za kila mgeni aliyesema kwamba amefungua njia. Theluji yenyewe hawakuikanyaga kwa matembezi, kwa sababu huko juu, kwa itikadi yao, ndiko makao ya Kitasamba, mwenye kumiliki mlima na yote yaliyomo, pamoja na mkewe Nyabibuya, na mtu haingii chumbani kwa mwenye nyumba kwa sababu tu mlango uko wazi.

Ukali wa nchi hiyo uliwafaa pia kwa jambo lisilohusu mawindo. Mapatano ya mwaka wa 1900 baina ya Waingereza na mfalme wa Toro yaliwatia Wakonzo na jirani zao Waamba chini ya ufalme ambao wao hawakuuhesabu kuwa wao, na machungu ya kodi na utawala wa machifu wa Toro yakalipuka mwaka wa 1919, walipoasi wakiongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli. Mlima uliwahifadhi viongozi hao kwa muda wa miaka miwili hivi, hata wakatiwa mkononi na kunyongwa mwaka wa 1921. Ajabu ya mambo ni kwamba hayo yalitokea katikati ya zama za wapandaji, baina ya safari ya Mtawala ya 1906 na mwaka wa 1926, ambapo mpandaji Humphreys alifika Margherita, ikawa mara ya pili kilele hicho kufikiwa. Nawe ukisoma tarikhi nyingi za upandaji huoni hata neno moja la msiba huo.

Januari 1932 walikuja wapandaji wawili kutoka Kenya, Eric Shipton na Harold William Tilman, Waingereza waliokuwa wakifanya kazi ya ukulima katika nchi yetu, na ambao mwaka wa 1930 walikuwa wameupanda mlima Kenya kwa njia mpya. Wao hawakuja na mamia ya watu wala na viongozi wa Ulaya, bali na Wakonzo wachache na chakula kidogo, wakavifikia Alexandra na Margherita na kurudi, wakithibitisha kwamba Rwenzori haihitaji hazina ya mwana wa mfalme. Mwaka huo huo Wabelgiji wa Count Xavier de Grunne walipanda kutoka upande wa Kongo. Na hapa ndipo khabari hii inapoingia katika wilaya yetu wenyewe: dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, watu wakamiminika kutoka kila upande wakichimba na kuchuja mchanga wa vijito, na Tilman akawa mmoja wao. Hakutajirika, naye mwaka wa 1933 aliondoka Afrika ya Mashariki kwa kuendesha baiskeli hadi pwani ya magharibi ya bara hili, na kitabu alichoandika juu ya miaka yake ya Afrika huiweka Rwenzori na machimbo ya Kakamega baina ya majalada yale yale mawili.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili chama cha wapandaji wa Uganda kilijenga vibanda katika mabonde ya juu, mpandaji asilale tena mapangoni, na kazi ya upagazi ikapata kanuni zake. Mkonzo aliyeandikwa kazi alipewa posho ya unga na kitoweo, blanketi moja na sweta, akafunga mzigo wake kwa kamba ya magome ipitayo kipajini, akashika fimbo ndefu, akaruka kutoka fungu hadi fungu la majani katika kinamasi ambamo mgeni mwenye viatu vya gharama alizama hadi kiunoni. Mwaka wa 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mtu wa Magharibi ya Kenya aliyekuwa na nauli angeweza kupanda gari la moshi na kushuka chini ya Milima ya Mwezi. Machimbo yale yaliwapa baadhi ya watu wa mlimani mshahara wao wa kwanza, na kahawa iliyostawi miteremkoni ikawapa fedha yao wenyewe.

Lakini madai ya Wakonzo dhidi ya Toro hayakuisha. Mwaka wa 1954 mwalimu Isaya Mukirane alikuwa akiongoza chama kilichokusanya masimulizi ya maisha ya Wakonzo, naye alitembea mlimani pamoja na mwandishi Mwingereza Tom Stacey, wakiandika tarikhi kutoka vinywani mwa wazee. Kazi hiyo ya kalamu ikazaa siasa: mwaka wa 1962, Uganda ilipokuwa mlangoni pa uhuru, wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro, na Mukirane akapanda juu, akatangaza ufalme wa Rwenzururu katika nchi za juu ambazo askari wa tambarare hawakuweza kuzishika. Alifia huko mwaka wa 1966. Mwanawe Charles Mumbere, angali kijana mdogo, akarithi, na vita vya mlimani vikaendelea hadi mwaka wa 1982, aliposhuka na watu wake kwa mapatano. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo rasmi mwaka wa 2009, ingawa damu ilimwagika tena Kasese Novemba 2016. Kwa miaka ishirini mabonde ambayo mgeni aliyaogopa kwa matope yalikuwa mipaka ya dola.

Ngome, hata hivyo, haimchagui anayeingia ndani yake. Waasi wengine, wasiokuwa na haki ya mlima wala madai ya wenyeji, waliifanya Rwenzori maficho yao katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, wakawatesa wakulima wa miteremko, na hifadhi ya taifa, iliyoundwa mwaka wa 1991 na kutiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka wa 1994, ikafungwa tangu 1997 hadi 2001. Vibanda vilivunjika, na mapato ya wapagazi yakakatika. Upande wa Kongo, ambako njia huanzia Mutwanga na kuingia katika hifadhi ya Virunga, na ambako kiongozi na mgeni aghalabu huzungumza Kiswahili, machafuko ya mashariki ya nchi hiyo yamezifunga njia mara nyingi zaidi, na uzuri wake unajulikana na wachache.

Leo hii mwenye kutaka kupanda huanzia Nyakalengija, katika bonde la Mobuku, kwa mzunguko wa wiki moja hivi, au Kilembe, kwa njia ndefu zaidi. Wakonzo wenyewe walianzisha jumuiya ya kuongoza wapandaji mwaka wa 1987; kimoja katika vibanda kinaitwa kwa jina la John Matte, mzee wao wa kazi hiyo; madaraja ya mbao yamewekwa juu ya sehemu mbaya za kinamasi cha Bigo; na gambuti, ambazo kwetu huvaliwa na mkulima katika shamba lililoloa, zimekuwa vazi la lazima la mpandaji wa kila taifa. Tope lingali likimshinda mwenye haraka, na wenye kurudi husifu juu ya yote kule kufichika kwa mahali penyewe: kwamba mtu huweza kutembea siku kadhaa asionane na wageni wengine, jambo ambalo Kilimanjaro haliwezekani tena.

Kinachoondoka ni barafu. Wataalamu waliolinganisha ramani na picha za 1906 na hali ya baadaye wamekadiria kwamba eneo la barafu, lililokuwa kama kilomita za mraba sita na nusu wakati wa Mtawala, lilikuwa limepungua hata kufikia chini ya moja mnamo mwaka wa 2003, na limezidi kupungua tangu hapo. Emin, Gessi na Luigi di Savoia zimekwisha kubaki miamba mitupu zamani. Wako waliobishana kama sababu kubwa ni joto au ni upungufu wa mawingu na unyevu, lakini matokeo hayana ubishi. Kwa mgeni hasara hiyo ni ya mandhari na ya fahari, maana atapanda mwamba mahali ambapo waliomtangulia walikata vidato kwa shoka. Kwa mzee wa Kikonzo ni hasara ya namna nyingine, kwa sababu makao ya Kitasamba yanayeyuka, na yeye hakuwasha hata sehemu ndogo ya moto unaoyayeyusha.

Hukumu yangu ni hii. Thamani ya Rwenzori haikutoka katika kimo chake, kwa kuwa iko mirefu zaidi, wala katika theluji, ambayo yaondoka. Ilitoka katika ugumu wake wa kufikiwa, na ugumu huo haukupata kushindwa na mgeni peke yake hata mara moja, tangu Stairs hadi msafiri wa mwaka huu. Basi katika shule zetu, ambamo watoto hukaririshwa nani alikuwa wa kwanza kufika wapi, ni wajibu wa haki na wa ilimu pia kwamba hesabu itolewe nzima: tarehe 6 Juni 1889 hakupanda Luteni mmoja, walipanda yeye na watu wa Unguja wapatao arobaini, mwaka wa 1906 kazi ya Margherita ilianzia katika pango la wawindaji wa pimbi, na lugha iliyotumika kuamrisha na kuitikia katika safari ile ya kwanza ni hii hii tunayoisoma hapa.